Babu wa 1790, mjukuu wa 2025: hesabu ya ukoo wa John Tyler

Swali: "Shikamoo mwalimu. Hapa kazini kuna ubishi umekaribia kuwa ugomvi. Mwenzangu anadai kuna rais wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1790 ambaye mjukuu wake yuko hai mpaka leo. Si kitukuu, mjukuu! Nikamwambia hiyo ni chai, tena haina sukari. Tumewekeana kreti ya soda. Tuamulie. Na kama ni kweli, iliwezekanaje, na mbona huyo rais hatumsikii?"

Marahaba. Anza kutafuta hela, ila usilipe kreti nzima. Mwenzako hastahili chupa zote ishirini na nne, na sababu yake nitaifikia.

Rais mwenyewe ni John Tyler, wa kumi katika orodha ya marais wa Marekani. Alizaliwa tarehe 29 Machi 1790 katika kaunti ya Charles City, jimbo la Virginia, wakati George Washington hajatimiza hata mwaka mmoja madarakani. Mjukuu ni Harrison Ruffin Tyler, aliyezaliwa tarehe 9 Novemba 1928. Kati yao yuko mtu mmoja tu: Lyon Gardiner Tyler, mtoto wa rais na baba yake Harrison, aliyezaliwa Agosti 1853. Basi. Baba, mwana, mjukuu.

Toa mwenyewe. Rais alikuwa na miaka 63 alipompata Lyon. Lyon naye alikuwa na miaka 75 alipompata Harrison. Kutoka kuzaliwa kwa babu hadi kuzaliwa kwa mjukuu ni miaka 138. Katika ukoo wa kawaida, ambao watu huanza kuzaa wakiwa na miaka ishirini na kitu au thelathini, muda huo unatosha vizazi vinne na zaidi. Kwa hiyo mtu wa 1928 alitakiwa awe kilembwe wa mtu wa 1790, pengine hata kilembwekeza, na hapo ndipo akili yako ilipokataa. Haikukosea kuhusu watu kwa jumla. Imekosea kuhusu wanaume wawili walioamua kuanza upya wakati wenzao wanatafuta fimbo ya kutembelea.

Ukitaka kupima umbali huo kwa saa ya huku kwetu, fikiria hivi. Tyler anaapishwa mwaka 1841, Seyyid Said anatawala akiwa Unguja. Konsuli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, yupo mjini Zanzibar tangu 1837, na majahazi yanasambaza pwani nzima kile kitambaa cha pamba ambacho mabibi zetu walikiita merikani kwa sababu kilitoka huko. Mjukuu wa rais wa wakati ule alikufa katika zama za simu za mkononi.

Tyler alioa mara mbili. Ndoa ya kwanza aliifunga siku alipotimiza miaka 23, tarehe 29 Machi 1813, na Letitia Christian, msichana mtulivu wa familia ya wenye mashamba. Wakapata watoto wanane, mmoja akafa mchanga. Mwaka 1839 Letitia alipata kiharusi, akawa mtu wa chumbani. Alipoingia Ikulu ya Washington hakuweza kazi ya kupokea wageni, na kazi hiyo ikaangukia kwa mke wa mwanawe Robert, aitwaye Priscilla Cooper. Hapa jamii ya wakubwa ilinong'ona kidogo, kwa sababu Priscilla alikuwa mwigizaji wa jukwaani, na baba yake pia alikuwa mwigizaji maarufu. Enzi zile binti wa heshima hakutarajiwa kupanda jukwaani kwa tiketi. Lakini mtu aliyezoea kutazamwa na ukumbi mzima hababaiki mbele ya mabalozi, na kwa maoni yangu Tyler hakupata msaidizi bora kuliko huyo mkwewe.

Letitia alionekana hadharani Ikulu mara moja tu, Januari 1842, aliposhuka chini kuhudhuria harusi ya bintiye Elizabeth na kijana aitwaye William Waller. Likumbuke jina la Waller, litarudi. Septemba mwaka huohuo Letitia akafariki, mke wa kwanza wa rais kufia ndani ya Ikulu.

Kabla sijafika kwa mke wa pili, nikujibu kwanza alipataje urais, maana ni sehemu ya jibu la kwa nini humjui. Hakuna mpiga kura aliyemchagua Tyler awe rais. Alikuwa makamu wa William Henry Harrison, mzee ambaye kwa kweli alizaliwa kaunti ileile ya Charles City. Harrison alikufa tarehe 4 Aprili 1841, siku 31 tu baada ya kuapishwa. Haikuwa imewahi kutokea rais kufa akiwa kazini, na katiba ilikuwa imeandikwa kwa namna ambayo mwanasheria angeweza kuisoma hivi au vile: je, makamu anakuwa rais, au anafanya tu kazi za rais huku akibaki makamu? Alfajiri ya tarehe 5 Fletcher Webster, mtoto wa Waziri wa Mambo ya Nje, alifika Williamsburg kumpa Tyler habari. Tarehe 6 Tyler alikuwa Washington, akaapishwa hotelini, akatangaza kwamba yeye ni rais kamili.

Wapinzani wake walimbandika jina la utani lenye maana ya "Mtukufu Ajali". Wengine waliendelea kumwandikia barua kwa cheo cha Kaimu Rais. Wewe umefanya kazi ofisini, unajua neno "kaimu" linavyochoma mtu anapojiona tayari ni mwenye kiti. Barua hizo Tyler alizirudisha bila kuzifungua. Ukaidi huo ndio uliokuja kuwa desturi: makamu wengine saba walirithi urais baada ya kifo cha bosi wao kwa kumfuata yeye, na ilichukua hadi mwaka 1967, kwa Marekebisho ya 25 ya katiba, jambo hilo kuandikwa wazi.

Ukaidi haukuanzia hapo. Inasimuliwa kwamba akiwa mvulana wa miaka kama kumi aliongoza wanafunzi wenzake kumkamata mwalimu wao mkali, bwana McMurdo, wakamfunga kamba na kumwacha shuleni. Kama mwalimu mstaafu, hadithi hiyo siipendi hata kidogo, lakini inafanana naye. Akiwa rais alikataa kutia saini miswada miwili ya chama chake mwenyewe kuhusu benki ya taifa. Wahuni waliolewa wakaja usiku nje ya Ikulu kurusha mawe na kuchoma sanamu yake. Septemba 1841 mawaziri wake wote walijiuzulu isipokuwa Daniel Webster, baba yake yule Fletcher, na siku mbili baadaye chama cha Whig kikamfukuza uanachama. Rais aliye madarakani, hana chama! Mwaka 1843 bunge likapigia kura hoja ya kuanza kumshtaki ili aondolewe, ya kwanza ya aina hiyo dhidi ya rais wa nchi ile. Haikupita.

Sasa njoo kwa Julia, maana bila yeye hakuna Lyon wala Harrison, na mimi na wewe tusingeandikiana.

Julia Gardiner alizaliwa mwaka 1820 katika kisiwa kinachomilikiwa na ukoo wao, jimbo la New York. Familia tajiri, yenye kujisikia. Alipokuwa na miaka kumi na tisa picha yake ilitokea kwenye tangazo la duka la nguo. Leo hilo ni jambo la kumpongeza mtoto. Kwa watu wa tabaka lake ilikuwa aibu kubwa, na wazazi wakamsafirisha Ulaya mpaka maneno yapoe. Aliporudi, familia ilikwenda Washington msimu wa sherehe, na huko wabunge na majaji walianza kupigana vikumbo mlangoni. Tyler, mjane wa miezi michache, naye akajiunga na foleni. Februari 1843, kwenye dansi, akamposa. Julia mwenyewe alikuja kusimulia kwamba alikataa kwa kutikisa kichwa, na alikuwa amevaa kofia ya Kigiriki yenye kishada, basi kila alipotikisa kichwa kishada kikawa kinampiga rais usoni. Yeye alikuwa na miaka 22, Tyler anakaribia 53.

Pengine yangeishia hapo. Lakini tarehe 28 Februari 1844 serikali iliandaa safari ya kujionyesha kwenye mto Potomac, ndani ya meli mpya ya kivita, USS Princeton. Kulikuwa na wageni mia kadhaa: mawaziri, wabunge, mabibi waliopambwa, chakula na shampeni. Meli hiyo ilikuwa na mzinga mkubwa uliopewa jina lenye maana ya Mleta Amani. Ulifyatuliwa mara kadhaa, watu wakashangilia. Meli ikiwa njiani kurudi, Waziri wa Jeshi la Majini, Thomas Gilmer, ambaye hakuwa amemaliza hata siku kumi ofisini, akaomba ufyatuliwe tena. Waheshimiwa wakapanda juu kutazama. Tyler alikuwa anataka kupanda pia, akachelewa kwa sababu mkwewe alikuwa anaimba kule chini. Mkwe gani? William Waller, yule wa harusi ya Ikulu.

Mzinga ukapasuka. Waliokufa ni Waziri wa Mambo ya Nje Abel Upshur, Gilmer mwenyewe, ofisa wa jeshi la majini Beverley Kennon, mwanadiplomasia Virgil Maxcy, David Gardiner, ambaye ni baba yake Julia, na mtu wa sita aliyeitwa Armistead.

Nisimame kidogo kwa Armistead, kwa sababu masimulizi mengi humpita mbio. Alikuwa mtumwa wa rais, mtumishi wake wa ndani. Majeneza matano ya waheshimiwa yaliwekwa Ikulu kwa heshima za taifa. La kwake halikuwemo. Kwenye orodha nyingi za miaka iliyofuata utasoma kwamba walikufa watano, au "na mtumishi mmoja", bila jina. Jina lake lilikuwa Armistead.

Julia alizimia aliposikia baba yake amekufa. Tyler mwenyewe alimbeba kumshusha melini, na Julia anasema alipozinduka katikati ya daraja la kushukia alijitingisha kwa nguvu kiasi kwamba nusura waanguke wote wawili. Miezi minne baadaye, tarehe 26 Juni 1844, wakafunga ndoa kimyakimya katika kanisa la Ascension, New York. Bwana harusi miaka 54, bibi harusi 24. Alikuwa rais wa kwanza kuoa akiwa madarakani, na alikuwa amewaficha hata mabinti zake. Hebu jiweke mahali pa kifungua mimba wake, Mary, aliyezaliwa 1815: unapata habari kwamba una mama wa kambo, na huyo mama wa kambo umempita miaka mitano. Mary alilimeza. Mdogo wake aliyeitwa Letitia, jina la mama yao, hakulimeza maisha yake yote.

Julia alikaa Ikulu miezi minane tu, akaifurahia kila siku. Aliwapokea wageni ameketi mahali palipoinuliwa, amezungukwa na wasichana kama wapambe wa malkia. Februari 1845 aliandaa dansi ya kuaga iliyojaza watu kama elfu tatu. Tyler, yule aliyefukuzwa chamani, akatania kwamba sasa hakuna atakayesema yeye ni rais asiye na chama. Utani huo unahitaji maelezo: katika Kiingereza neno la chama cha siasa na neno la karamu ni hilohilo moja.

Machi 1845 wakahamia shambani Virginia, mahali Tyler alipopanunua na kupapa jina jipya la Sherwood Forest, kwa kejeli kwamba yeye ni mhalifu aliyefukuzwa kijijini kama Robin Hood, yule wa hadithi za Waingereza aliyejificha kwenye msitu wa jina hilo. Nyumba ni ya mbao, ina kina cha chumba kimoja tu lakini urefu wake unapita mita 90, kama treni iliyosahaulika msituni. Sehemu ya urefu huo ni ukumbi ulioongezwa kwa ajili ya dansi moja tu ya Virginia, ambayo wachezaji hujipanga mistari miwili mirefu. Majirani, wengi wao wa chama kilichomfukuza, walimteua msimamizi wa barabara za kata ili kumdhihaki. Tyler akaupokea wadhifa kwa mikono miwili, akawa anawaita kutengeneza barabara kila mara, hata msimu wa mavuno, kama sheria ilivyomruhusu. Walijuta.

Ni katika nyumba hiyo watoto saba wa Julia walilelewa: David, John Alexander, Julia, Lachlan, Lyon, Robert na Pearl. Saba kwa wanane, jumla kumi na watano, na hakuna rais wa Marekani aliyemfikia. Kifungua mimba ni wa 1815, kitinda mimba, Pearl, ni wa 1860, wakati baba ana miaka 70. Pearl alikufa 1947. Kwa hiyo Tyler ana binti aliyezaliwa mwaka wa vita vya Waterloo na binti aliyeishi akasikia habari za bomu la Hiroshima, na hao ni ndugu wa baba mmoja.

Nimesema kumi na watano. Niseme kwa uangalifu zaidi: kumi na watano wanaotambuliwa. Shamba lile liliendeshwa na makumi ya watumwa. Mwaka 1841 mhariri mmoja aliyepinga utumwa, Joshua Leavitt, alichapisha tuhuma kwamba Tyler amezaa na wanawake watumwa na kuwauza baadhi ya watoto, na watu wa rais wakakanusha. Mchungaji John William Dunjee, aliyezaliwa utumwani mwaka 1833, alisimulia kwamba yeye ni mmoja wa watoto hao. Wanahistoria hawajalithibitisha. Mtoto wa Dunjee, aitwaye Roscoe, alianzisha gazeti la Weusi mjini Oklahoma City, Black Dispatch, na kulitumia miaka mingi kupigania haki za kupiga kura na kusoma. Ikiwa alichosema mchungaji ni kweli, basi Roscoe naye ni mjukuu wa rais, ila huyo hakuna aliyekuwa anamtafuta kumhoji kwa ajili ya maajabu ya hesabu.

Julia, binti wa New York, aligeuka mtetezi wa utumwa kuliko wenyeji. Mwaka 1853, mwaka uleule aliomzaa Lyon, aliandika barua ndefu magazetini kuwajibu mabibi wa Uingereza, wakiongozwa na mke wa mtawala wa Sutherland, waliowasihi wanawake wa kusini mwa Marekani wapinge utumwa. Akawaambia waangalie maskini wa kwao kwanza. Barua ilishangiliwa sana kusini.

Hapo tunafika kwenye swali lako la mwisho, mbona hatumsikii. Februari 1861, majimbo ya kusini yanajitenga moja baada ya jingine, mzee Tyler wa miaka 70 aliongoza mkutano wa amani Washington kutafuta suluhu. Mkutano ulishindwa, naye akageuka akaunga mkono kujitenga. Tarehe 4 Machi, siku ambayo Abraham Lincoln anaapishwa, mjukuu wa kike wa Tyler aitwaye Letitia ndiye aliyepandisha bendera ya kwanza ya waasi mjini Montgomery, Alabama. Tyler akachaguliwa kuingia bunge la waasi. Kabla hajaketi kwenye kiti chake, tarehe 18 Januari 1862, akafa hotelini Richmond. Jeneza lake likafunikwa bendera ya nchi iliyokuwa inapigana na nchi aliyowahi kuitawala, na hakuna rais mwingine aliyezikwa hivyo. Washington haikutoa tangazo rasmi la msiba. Bunge la Marekani liliidhinisha mnara wa kaburi lake mwaka 1911, karibu nusu karne baadaye. Sasa niambie, mtu wa namna hiyo nani angemweka kwenye noti?

Julia alibaki na watoto saba, mdogo wao hajafika miaka miwili, na vita nje ya dirisha. Alikimbilia kwa mama yake New York, akagombana na ndugu zake kwa sababu ya siasa, akabadili dhehebu akawa Mkatoliki, akafilisika. Mwaka 1882, baada ya Rais Garfield kuuawa, bunge liliwapa wajane wa marais dola 5,000 kwa mwaka, na mjane wa muasi akawekwa humo pamoja na mjane wa Lincoln. Alikufa Richmond mwaka 1889. Mwanawe John Alexander alikuwa ametangulia mwaka 1883, baada ya maisha yanayostahili makala yake: alipigania kusini akiwa kijana mdogo, akaenda kusoma Ujerumani, akajikuta kwenye jeshi la Wajerumani dhidi ya Ufaransa, akafia New Mexico akiwa mpima ardhi.

Lyon, yule wa katikati ya hesabu yetu, alikuwa mtu wa vitabu. Mwaka 1888 alichukua uongozi wa chuo cha William & Mary, alichosoma baba yake, wakati chuo kilikuwa kimefungwa miaka saba kwa kukosa fedha. Akakifufua, akakaa hapo hadi 1919, na mwaka mmoja kabla hajaondoka wanawake walikuwa wameanza kupokelewa. Muda wake uliobaki aliutumia kuandika kumtetea baba na kumshambulia Lincoln, kazi ambayo mimi nimeisoma kwa kuvumilia. Mkewe wa kwanza alifariki mwaka 1921. Mwaka 1923, akiwa anagonga miaka 70, akamuoa Sue Ruffin, mwanamke aliye nusu ya umri wake. Wakapata wavulana watatu: Lyon mdogo, Harrison, na mmoja aliyefariki mchanga. Mzee alikufa Februari 1935, Harrison akiwa na miaka sita.

Kwa hiyo usidhani Harrison alikaa mapajani mwa babu akisimuliwa mambo ya Ikulu. Babu alikuwa amekufa miaka 66 kabla yeye hajazaliwa. Ule utani wa babu na mjukuu tunaoujua sisi, wa kuitana mume mwenza na kuibiana ugoro, haukuwapo. Alichorithi ni jina na nyumba, na nyumba yenyewe alilazimika kuinunua kutoka kwa ndugu. Alikuwa mtu wa kemia. Mwaka 1968 alishiriki kuanzisha kampuni ya dawa za kutibu maji viwandani, ChemTreat, ikamlipa vizuri, na miaka ya sabini akaikarabati Sherwood Forest hadi ikafunguliwa kwa wageni.

Katika yote aliyofanya, moja linanivutia kuliko umri wake. Mwaka 1996 alinunua eneo la jirani lililokuwa limemezwa na pori, mahali palipokuwa na ngome ya Fort Pocahontas. Ngome hiyo ilijengwa na kulindwa na askari weusi wa jeshi la kaskazini. Tarehe 24 Mei 1864 wapanda farasi wa kusini, wakiongozwa na Fitzhugh Lee, mtoto wa kaka yake Robert E. Lee, jenerali mkuu wa kusini, waliishambulia wakitaka wajisalimishe, wakarudishwa nyuma. Mjukuu wa mwenye watumwa, mtoto wa mtetezi wa waasi, ndiye aliyetoa fedha zake mahandaki ya askari wale yasifukiwe.

Kaka yake, Lyon mdogo, alifariki Septemba 2020 akiwa na miaka 95. Harrison alifariki Jumapili tarehe 25 Mei 2025, akiwa na miaka 96. Ndiye alikuwa wa mwisho. Waliobaki ni vitukuu na kushuka chini.

Basi tuamue soda. Mwenzako aliposema mjukuu "yuko hai mpaka leo" alikuwa amechelewa, ingawa angelisema hilohilo siku moja kabla ya hiyo Jumapili ungelipa zote bila mjadala. Wewe ulisema haiwezekani, na hilo halikuwa kweli wakati wowote. Yeye apewe kumi na nane, wewe baki na sita, na katika hizo sita moja niwekee mimi, iwe ya tangawizi.